Majibu ya Chumba cha Pili

Alhamisi saa tisa alasiri Mama Pasi alikuwa na majoho kumi na mawili ya kwaya ya kunyoosha kabla ya Jumapili, na alikuwa amefika la saba. Aliiweka pasi ya mkaa juu ya kigae chake, akajifuta mikono, akapiga magoti kando ya kitanda alicholala mumewe, akamwomba Mungu akiondoe kile kikohozi. Aliomba kama dakika nne hivi, hakuweza kuzidisha, maana mkaa ulikuwa unapoa. Aliposema amina, mshona viatu wa chumba cha pili, aliyekuwa akikohoa tangu Jumatatu, akanyamaza. Mumewe akaendelea kukohoa.

Mama Pasi alisikiliza ukimya ule kupitia ukuta wa mbao, akashusha pumzi.

"Jibu limeenda tena kwa jirani," alisema.

"Afadhali halijapotea njiani," mumewe akajibu, akakohoa mpaka machozi yakamtoka.

Haikuwa mara ya kwanza. Mwaka juzi aliomba unga, na asubuhi yake gunia la unga likakutwa mlangoni kwa mshona viatu, limesimama wima, halina jina wala risiti. Mke wa mshona viatu alileta nusu, uso umemshuka kwa haya. Aliomba paa lisivuje, likaacha kuvuja la jirani. Aliomba binti yake afaulu mtihani, akafaulu binti wa mshona viatu, ambaye hakuwa amefungua daftari tangu muhula uanze. Nyumba ile ilikuwa na vyumba sita vya kupanga, vyote mstari mmoja, na majibu ya Mama Pasi, aliyekaa cha tatu kuhesabu kutoka bomba la maji, yaliruka ukuta mmoja, daima kuelekea kulia, upande wa bomba hilo. Wapangaji walilijua jambo hilo kama walivyojua kwamba bomba lenyewe hutoa maji Jumanne na Ijumaa tu.

Mumewe alikuwa amefanya kazi miaka kumi na moja katika kiwanda cha kusaga chokaa, mashine ya tatu, ile iliyo mbali na mlango. Barakoa zilikuwepo. Hilo lazima lisemwe, maana mwenye kiwanda alipenda lisemwe. Zilikuwa arobaini, za kitambaa, zikikaa kwenye kabati la stoo. Zilitolewa siku wakaguzi walipokuja, na wakaguzi walipoondoka zilikusanywa na kuhesabiwa. Kisha zililetwa kwa Mama Pasi, naye alizifua, akazinyoosha, akazikunja mara nne, akazirudisha. Kazi yake ilikuwa safi; wakaguzi walizisifu. Siku nyingine zote mumewe alijifunga puani mkono wa shati kuukuu, na jioni alirudi mweupe kuanzia nyusi hadi kwenye viatu, akijiita bwana harusi.

Mchungaji aliposikia habari ya kikohozi cha mshona viatu, alikuja mwenyewe. Alikuwa mtu mwema, mnene kidogo, na alikaa kwenye kigoda bila kulalamika.

"Unaombaje, mama?"

"Naomba apone."

"Halafu mwisho unasemaje?"

"Nasema amina."

"Hapo ndipo unapokosea." Katika kanisa lile ombi lisilofungwa kwa maneno *lakini mapenzi yako yatimizwe* lilihesabiwa kama barua isiyobandikwa stempu. "Unaomba kama mtu anayedai chake. Mkabidhi Mungu. Jisalimishe, ndipo jibu litajua mlango wako."

"Nikisema hivyo, mchungaji, si nitakuwa nimempa ruhusa?"

"Ruhusa ya nini?"

"Ya kumchukua."

"Mungu haombi ruhusa, mama."

"Kama haombi, mbona tunampa?"

Mchungaji alisema subira huvuta heri, akaomba maji ya kunywa. Alipoondoka Mama Pasi alijaribu. Alipiga magoti, akaomba, akafika kwenye *mapenzi yako*, akasita, akainuka kwenda kuangalia mkaa. Alijaribu siku tano mfululizo na kila siku aliishia palepale. Hakuwa mbishi. Alikuwa anampenda mumewe, na alijua kwamba mtu akishasema neno mbele ya Mungu, hawezi kulirudisha.

Binti yao, msichana wa miaka ishirini na miwili mwenye akili za haraka, ndiye aliyetoa wazo jingine. Kama majibu huruka kwenda kulia, basi mama amwombee mlinzi wa chumba cha kushoto, mwenye goti bovu, nalo jibu liruke limwangukie baba. Lilikuwa wazo zuri. Mama Pasi aliliombea goti la mlinzi siku tatu, kwa maneno mazito na jina la kila mfupa alioujua. Goti halikupona, wala baba hakupona. Aliyepona ni mke wa mshona viatu, jino lililomsumbua mwaka mzima. Mungu husikiliza moyo, na moyo wa Mama Pasi haukuwa na habari na goti la mtu. Wakajaribu kubadilishana vyumba wiki moja, wao waende kwa mshona viatu na mshona viatu aje kwao. Majibu yalielewa siku ileile, nayo yakaanza kwenda kushoto. Mshona viatu akanenepa.

"Waliosema mgeni njoo mwenyeji apone," mumewe alisema walipokuwa wanarudisha kitanda, "hawakuwahi kupanga nyumba hii."

Mambo ya namna hiyo hayafichiki. Mshona viatu hakuwa msengenyaji, lakini mteja akimwuliza mtu mbona amenawiri, atajibu. Kufikia mwezi uliofuata walikuwa wanakuja watu wawili watatu, kisha kumi, wakiomba kukaa chumbani kwake saa tisa, wakati Mama Pasi anapiga magoti upande wa pili wa mbao. Mama mmoja mwenye uvimbe shingoni aliondoka na shingo nyembamba, kola yake ikimpwaya. Mtoto asiyesema alisema "nina kiu," akaletewa maji. Kanisa likaona vema kuleta utaratibu. Iliundwa kamati, na katibu wake akawa mwalimu mstaafu, mwanamke mpole mwenye kalamu mbili, moja ya majina na moja ya matokeo. Mshona viatu alilipiwa kodi ya chumba kwa usumbufu alioupata. Mama Pasi hakulipwa kitu, kwa sababu sala haiuzwi.

Lakini aliletewa maziwa, hilo nalo lisemwe. Na kila aliyepona alipita mlangoni kwake kumshukuru, akamwona mgonjwa, akasema pole, Mungu yupo. Mgonjwa aliwajibu wote kwamba ndiyo, yupo, yuko hapo chumba cha pili.

Katibu ndiye aliyeona mapema jambo ambalo wengine hawakuliona. Wiki ambazo mgonjwa alipata nafuu kidogo, akala, akakaa kitako, watu wa chumba cha pili walipona mafua na majipu tu. Wiki aliyotema damu, kipofu wa miaka tisa aliuona ukuta, akalalamika kwamba una nyufa. Mama Pasi akiwa na hofu kubwa aliomba sana, na akiomba sana majibu yalinona. Katibu aliyaandika yote kwa kalamu ya matokeo na kuyasoma mbele ya kamati bila kuongeza neno lake. Wajumbe walitazama meza. Kikao kikafungwa kwa sala.

Daktari wa zahanati, kwa upande wake, alikuwa amesema jambo lililo wazi. Mapafu yalikuwa yamejaa vumbi. Dawa ya kuyarudisha haikuwepo, lakini hospitali kubwa ilikuwa na mashine ya hewa, na mtu aliyewekwa kwenye mashine hiyo mapema angeweza kuishi miaka. Aliandika barua ya rufaa, akagonga muhuri. Kilichobaki kilikuwa usafiri wa kumlaza mgonjwa, na kanisa lilikuwa na gari. Kamati ililijadili gari hilo vikao vitatu. Kikao cha kwanza lilikuwa na gurudumu bovu. Cha pili dereva alikuwa na msiba. Cha tatu mjumbe mmoja aliuliza, taratibu, kama mgonjwa akipelekwa mbali kiasi hicho Mama Pasi naye ataondoka, na kama ataondoka, chumba cha pili kitakuwa chumba cha pili cha nini. Gari likabaki uani, limeoshwa.

Siku moja Mama Pasi alimwita mchungaji. Alikuwa amekonda, na mikono yake ilinuka mkaa hata baada ya kunawa.

"Mchungaji, nimekubali," alisema. "Mume wangu amechoka, nami nimechoka. Leo nitasema yale maneno yako. Mapenzi yake yatimizwe, kama ni kumchukua amchukue, nisimshikilie."

Mchungaji aliutazama ukuta wa mbao. Upande wa pili watu walikuwa wanapanga mabenchi. Mtoto alikuwa analia na mama yake anamnyamazisha.

"Usikimbilie huko, mama."

"Si wewe uliyenifundisha?"

"Kujisalimisha kuna wakati wake. Hata Yakobo alishindana mpaka alfajiri." Akapunguza sauti. "Kuna watu kumi na wanane kwenye orodha. Shindana kidogo, mama. Shindana walau mpaka mwisho wa mwezi."

Mama Pasi alimsindikiza hadi nje, kama ilivyo adabu. Saa tisa alipiga magoti na kushindana. Mtoto wa chumba cha pili aliacha kulia, akasimama kwa miguu yake.

Mwisho wa mwezi alikuja mwenye kiwanda. Alikuwa mzee wa kanisa, anayekaa benchi la mbele, na moyo wake ulikuwa umepanuka mpaka hauwezi kupiga sawasawa. Madaktari wa mbali walikuwa wamempa siku za kuhesabika. Katibu alimweka juu ya orodha. Wale kumi na wanane walishuka nafasi moja moja bila manung'uniko, maana nusu yao walikuwa vibarua wake. Alikuja na kiti chake mwenyewe, chenye mito. Kabla ya kuingia kwa mshona viatu alisimama mlangoni kwa Mama Pasi, mkono kifuani, akihema.

"Pole sana, mama. Tulimpenda mno kazini, huyu."

"Asante, mzee. Karibu."

Hakukaribia. Alikaa chumba cha pili siku mbili, na mara zote mbili Mama Pasi aliomba na mara zote mbili miguu iliyovimba ya mwenye kiwanda ikapungua kidogo, ikaweza kuingia kwenye viatu. Moyo ulikuwa bado.

Siku ya tatu, mchana, mumewe alimshika kiganja. Sauti yake sasa ilikuwa ya kunong'ona tu.

"Ni yeye yuko humo?"

"Ni yeye."

"Nilijua. Anakohoa kama mtu anayeita msimamizi." Akapumzika. "Mama watoto, leo usiniombee."

"Nisipokuombea utakufa, baba watoto."

"Na ukiniombea?"

Mama Pasi alifikiri. Hakuwa mtu wa kudanganya mgonjwa.

"Utakufa."

"Basi. Mwache Mungu aamue mwenyewe bila kusukumwa. Na yule naye aamuliwe hivyohivyo."

Saa tisa ilipofika hakupiga magoti. Alikuwa na mashuka sita ya nyumba ya wageni, akaanza kuyanyoosha. Katibu alichungulia mlangoni akasema kwa upole kwamba saa imepita. Mama Pasi akasema leo hasali. Katibu hakubishana, alivuta kigoda, akaketi, akafungua kofia ya kalamu ya matokeo, akasubiri.

Mama Pasi alinyoosha shuka la kwanza akihesabu mistari yake. La pili alilinyoosha akijisomea majina ya wateja waliochelewa kuchukua nguo. Alikuwa amedhamiria kutofikiri, na kwa mashuka mawili aliweza. Kwenye la tatu pumzi ya mumewe ilikwama. Ilikwama, ikatoka, ikakwama tena kwa muda mrefu zaidi, na vidole vyake vikaanza kutafuta kitu juu ya blanketi. Mama Pasi hakupiga magoti. Hakufumba macho, hakutaja jina la Mungu, midomo yake haikucheza. Lakini ndani yake kulitoka sauti ambayo hakuituma, ikasema mwache, mwache kidogo tu, mwache japo leo. Haikuwa na amina, wala maneno ya kukabidhi. Katika maisha yake yote hakuwahi kuomba kama alivyoomba pale, amesimama na pasi mkononi, akiwa ameahidi kutoomba.

Upande wa pili kiti kilisukumwa. Mwenye kiwanda alisimama, akavuta hewa ndefu mpaka mbao zikalia, akauliza kama kuna chakula.

Mumewe alikuwa ameshakata roho. Shuka lilianza kunuka kuungua, binti akaja kuichukua pasi mkononi mwa mama yake. Mama Pasi alilia kwa sauti kubwa, bila kujizuia, na aliyekuwa akimlilia ni mume aliyeishi naye miaka ishirini na minne, si chombo cha kamati. Katibu naye alilia. Kisha aliandika, akafunga daftari.

Mazikoni watu walikuwa wengi, wote wazima. Makaburi yalikuwa juu mlimani, na waliobeba jeneza walipokezana mara nne. Mwenye kiwanda hakupokezana. Alibeba kutoka mlangoni hadi kaburini kwa bega lile lile la kulia, hatua zake nzito na sawasawa, na alipofika juu hakuwa hata anahema. Watu walimpisha njia, wakimtazama. Mama mmoja nyuma alinong'ona kwamba kufa kufaana, jirani yake akamkanyaga mguu anyamaze.

Mchungaji alihubiri dakika arobaini juu ya kujisalimisha. Alisema Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Alisema mwanadamu hupanga, na kwamba marehemu alikwenda kwa wakati uliopangwa, wala hakuna mkono wa mtu ulioweza kuuongeza au kuupunguza. Kisha akamgeukia mjane, akamwambia kwamba sasa, mama, ndio wakati. Watu wote wakasema pamoja, mapenzi yako yatimizwe, na mlima ukaitikia. Mama Pasi alikuwa anatazama udongo. Kama alitamka, hakuna aliyemsikia.

Mwenye kiwanda hakuwa mtu wa kusahau fadhila. Siku ya saba alituma ujumbe kwamba binti wa marehemu anakaribishwa kazini, nafasi ya baba yake, mashine ya tatu. Na kwa kuwa mshona viatu naye alikuwa ametoa chumba, binti yake apewe nafasi mashine ya nne. Waanze wote Jumatatu.

"Usiende," Mama Pasi alimwambia binti yake.

"Tutakula nini, mama? Tutakula majoho ya kwaya?"

"Nitaongeza wateja."

"Wateja gani? Wanaokuja hapa wote walikuwa wanakuja kupona."

Jumapili saa tisa, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, Mama Pasi alipiga magoti. Aliomba jambo moja, kwamba mwanawe asipokelewe kule, afukuzwe langoni, jina lake likosekane, mlango ufungwe. Hakuongeza neno la kukabidhi.

Jumatatu asubuhi wasichana wawili walitoka pamoja, wameshikana mikono. Saa tatu mmoja alirudi. Jina lake lilikuwa halionekani kwenye karatasi, na msimamizi alikuwa amelitafuta mara mbili. Mke wa mshona viatu alikuja kwa Mama Pasi akiwa amejifunga kanga kiunoni, amekasirika kama hajawahi.

"Jirani, umeomba nini wewe?"

"Nimemwombea wangu asiende."

"Ona sasa! Wangu amekosa kazi. Tumekukosea nini?"

"Kama nimewakosea, mtaniambia baadaye," alisema Mama Pasi.

"Nikuambie nini? Leo saa tisa mwombee wako apande cheo, ili wangu apate." Akatoka, akabamiza mlango, na vumbi jepesi likaanguka kutoka kwenye mbao.

Jioni binti alirudi. Alikuwa mweupe nywele na nyusi, na alipochekeshwa na mtoto mmoja pale bombani alikohoa kidogo, mara moja tu, akaingia ndani kunywa maji. Mama Pasi alikuwa anamwandalia beseni la kuoga alipobisha hodi katibu. Hakuwa ameitwa. Alikuwa amekuja tu kuwajulia hali, alisema, na kuona kama kuna haja yoyote. Alimtazama binti, akamwuliza kazi ilikuwaje, akamwuliza kifua.

"Mzima," Mama Pasi akajibu upesi kwa niaba yake. "Mwanangu ni mzima kabisa."

"Bwana asifiwe," katibu alisema, akaandika tarehe juu ya ukurasa mpya, akauacha wazi. Alipofika mlangoni aligeuka, akamshika mjane bega kwa huruma ya kweli. "Wala hatuna haraka, mama. Sisi tumemwachia Mungu."